Kijana wa kisukari: Je, ni ukaidi au ni huzuni?

Mzazi wa Kariobangi, ukiona mwanao mwenye kisukari ameanza kuruka sindano za insulini, usikimbilie kumgombeza. Huenda anaugua huzuni. Wenye kisukari hupatwa na ugonjwa wa huzuni mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine.

Hebu fikiria mzigo wake: kujidunga kila siku, kujichoma kidole kupima sukari, na kuchunga mlo wenzake wakila watakacho.

Chunguza dalili zinazodumu majuma mawili au zaidi: kununa, kujitenga, kukosa usingizi, kuacha mambo aliyoyapenda. Uchovu waweza pia kuletwa na sukari iliyopanda, hivyo apimwe kwanza.

Kisukari cha aina ya kwanza hakingoji. Bila insulini mgonjwa aweza kufa katika siku chache. Muulize kwa upole, na waziwazi, kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, itunze insulini wewe mwenyewe, umpe kipimo chake kwa wakati, usimwache peke yake, na mfike siku hiyo hiyo katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au Mathari.

Huzuni hii hutibika kwa ushauri na, ikibidi, dawa.