Maumivu Yasiyoonekana

Mwanamke huja kwa daktari akieleza kwamba mwili mzima unamuuma. Damu imepimwa, picha za eksirei zimepigwa, wala hakuna kilichoonekana. Kila asubuhi huamka amechoka kama mtu aliyetwanga usiku kucha. Nyumbani huambiwa kuwa ni mvivu. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Ugonjwa huo huitwa fibromialjia, na wengi wanaougua ni wanawake. Zamani ulidhaniwa kuwa ni uvimbe wa nyuzi za misuli. Baadaye ilidhihirika kwamba hitilafu imo katika mfumo wa fahamu: ubongo na uti wa mgongo huzikuza taarifa za maumivu, hata mguso mdogo ukaumiza. Kanuni zilizowekwa Marekani mwaka 1990 zilidai maumivu yaliyoenea mwilini kwa muda usiopungua miezi 3, pamoja na sehemu 11 kati ya 18 ziumazo zikibonyezwa. Kanuni za mwaka 2010 ziliacha kubonyeza, zikatazama pia uchovu, usingizi na kumbukumbu.

Je, hisia zaingiaje hapa? Sehemu za ubongo zinazopokea maumivu zimeingiliana na zile zinazohusika na hofu, hasira na huzuni. Hivyo hisia zilizofungiwa moyoni zaweza kuzidisha maumivu. Baadhi ya wagonjwa huona vigumu hata kuzitambua na kuzitaja hisia zao, hali iitwayo aleksithimia.

Mwaka 2017 Mark Lumley na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa 230, karibu wote wanawake. Kundi la kwanza lilifundishwa kuzitambua na kuzieleza hisia. La pili, kurekebisha mawazo na mwenendo. La tatu lilipewa maarifa ya ugonjwa tu. Baada ya miezi 6, wastani wa ukali wa maumivu haukutofautiana sana. Hata hivyo, waliopungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 22.5 katika kundi la kwanza, na asilimia 8.3 katika la pili.

Mafunzo hayo si badala ya mazoezi ya viungo, ambayo yangali nguzo ya matibabu. Wala kuzitaja hisia si kusema kwamba mgonjwa anajisingizia. Maumivu yake ni ya kweli, na tiba huanza pale anaposadikiwa.