Cheti Kinachokwisha Saa Tisa Usiku

Matatu ya Changamwe hubandika stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Tarehe ikipita, askari wa trafiki hana haja ya kukagua injini. Seva ya barua pepe nayo ina stika yake, cheti cha usalama, kinachoihakikishia simu yako kwamba inazungumza na seva yenyewe, si na tapeli aliyejipenyeza njiani.

Uhai wa cheti huhesabiwa kwa saa za kimataifa. Kikomo cha saa sita usiku kwa saa hizo ni saa tisa usiku Likoni na Kisauni.

Asubuhi baada ya cheti kukwisha, karani wa wakala wa forodha anafungua simu asome nyaraka za kontena, anakutana na onyo. Barua zenyewe bado zinaingia, kwani seva nyingi hupokezana barua bila kukagua cheti kwa ukali. Anayezuiwa ni msomaji. Ndiyo maana lawama huanzia kwenye bando. Kisha mwenzake anamwambia abonyeze tu “kubali”, na kosa kubwa ni hilo. Aliyezoea kukubali atakubali pia siku mwizi atakapoweka seva bandia, amkabidhi nywila yake, na ankara ya mteja ibadilishwe namba ya akaunti.

Wakubwa pia wameteleza. Tarehe 6 Desemba 2018, mamilioni ya wateja wa kampuni ya simu ya O2 nchini Uingereza walikosa intaneti ya simu kwa sababu ya cheti kilichokwisha ndani ya programu za Ericsson.

Kupata cheti kipya si kazi. Shirika la Let's Encrypt hutoa bure tangu 2015, cha siku 90, na programu ya Certbot hukihuisha yenyewe. Kinachowaponza mafundi ni hatua inayofuata: faili mpya iko kwenye diski, lakini Dovecot, programu ya seva inayowapa wasomaji barua zao, bado imeshika cheti cha zamani kwenye kumbukumbu mpaka iamriwe kusoma upya. Amri hiyo ifungwe pamoja na Certbot, kisha seva iulizwe tarehe yake kutoka nje, kupitia mlango wa 993 unaotumika kusomea barua. Kutazama faili pekee hakutoshi.

Kufanya haya kwa mkono kutazidi kuchosha. Ukomo wa vyeti vya umma ni siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 mwaka 2027, na 47 mwaka 2029. Let's Encrypt nayo iliacha kutuma barua za kukumbusha Juni 2025. Ofisi iweke programu yake ya kuchungulia tarehe kila siku, na onyo liende kwa fundi kwa SMS, si kwenye barua pepe ileile inayokaribia kufungwa.