Besi na Kipaza Sauti

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu Wilson na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, waliunda bendi ya Arusha Jazz mjini Arusha. Katika bendi za dansi za namna hiyo, 'besi' ni gitaa lenye sauti nzito, ambalo kwa kawaida lina nyuzi nne badala ya sita. Lakini katika kwaya za makanisa ya Meru, 'besi' ni sauti nzito ya wanaume. Kwa hiyo, katika maandishi rasmi yafaa kuandika 'gitaa la besi'.

Neno 'kipaza sauti' lina utata mkubwa zaidi. Wako walitumiao kwa maikrofoni, wengine kwa amplifaya, wengine kwa spika. Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme. Amplifaya huongeza nguvu ya umeme huo. Spika huurejesha kuwa sauti.

Mpiga besi anunuaye vyombo vilivyokwisha kutumika huhitaji amplifaya na spika. Hati ya mauziano ikitaja 'kipaza sauti' tu, aweza kukabidhiwa maikrofoni, wala hati hiyo haitamtetea. Basi karani na mfasiri wakitaje kila chombo kwa jina lake.