Sura ya Sita: Si Stelingi Aliyeshindikana

Kila ninapozungumzia waigizaji wasaidizi wa Marekani, swali ni lile lile: huyu alikosea wapi hata asiwe stelingi? Wanaouliza wamekulia kwenye mabanda ya video, ambako stelingi hafi na wengine wote wapo ili apate wa kupigana nao. Margo Martindale hakukosea popote. Kazi yake ni nyingine, na ina ufundi wake.

Upuuzi mwingine ni huu wa nyota. Martindale, mzaliwa wa Jacksonville, Texas, alipata tuzo yake ya kwanza ya Emmy mwaka 2011 akiwa na miaka 60, basi watu wakasema nyota yake ilichelewa kung'aa, kana kwamba kuna mganga aliyeisafisha. Hakuna kilichochelewa. Mwaka 1987 alikuwa jukwaani New York katika Steel Magnolias, mtu wa kwanza kuigiza Truvy, yule mwenye saluni. Mwaka 2004 alikuwa mama katika Million Dollar Baby: binti anamnunulia nyumba, naye analalamika kwamba sasa serikali itamkatia msaada. Ni dakika chache tu, lakini mtazamaji anaondoka na hasira naye.

Katika ufundi huo nilikusudia kueleza sauti kwanza, halafu mwili, halafu kusikiliza. Sauti na mwili vitasubiri, maana kusikiliza kunanipeleka moja kwa moja kwenye glasi ya Mags Bennett.

Ni kipindi cha kwanza cha msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni ya Justified. Mags ndiye mama wa ukoo wa wahalifu huko Harlan, Kentucky, na gongo yake ya matofaa inasifika. Walt McCready, mkulima wa bangi, ameita vyombo vya dola bila kumshirikisha. Mags anamfuata nyumbani, anamimina, wote wawili wanakunywa kutoka chupa moja. Walt anaanza kukabwa. Sumu haikuwa kwenye chupa. Ilikuwa tayari kwenye glasi ya Walt.

Mwigizaji wa kawaida hapo angekodoa macho na kucheka cheko la adui. Martindale anamshika mkono mtu anayekufa, anamsemesha kama mama anayembembeleza mtoto mwenye homa, anamwahidi kumlea bintiye. Na anamaanisha! Haigizi muuaji, anaigiza jirani anayeamini ametenda haki na bado anahuzunika.

Stelingi ana msimu mzima wa kujieleza. Tusipomwelewa leo tutamwelewa wiki ijayo. Msaidizi anaingia mlangoni, na papo hapo lazima tuamini kwamba alikuwa na maisha kabla ya kamera kuwashwa. Hilo halitokani na sura, wala bahati.

Wanaodai kwamba anajiigiza mwenyewe wamtazame pia Claudia wa The Americans, anayewasimamia majasusi wa KGB, nafasi iliyompa Emmy mbili, 2015 na 2016. Mwili ni ule ule, upole ni ule ule, lakini Mags anaua kwa ajili ya ukoo wake, na Claudia anawatuma wengine kuua kwa ajili ya nchi.

Anayebisha aitazame ile ya glasi mara mbili. Mara ya kwanza amwangalie Martindale. Mara ya pili amwangalie Chris Mulkey, anayemwigiza Walt, aone jinsi hofu yake yote inavyotegemea upole anaopewa na mwenzake.