Tuwafundishe vijana kuisoma baiskeli

Elimu ni bahari, wasema Waswahili, lakini mfumo wetu wa shule umezoea kuyachota maji ya bahari hiyo kwa kata moja tu, nayo ni kata ya daftari na kalamu. Viko vyombo vingi ambavyo mwanafunzi huviona njiani kila siku, akavipanda na kubebwa navyo, ilhali hakuna anayemweleza vimeundwaje wala vinafanyaje kazi. Kimojawapo ni baiskeli. Hoja yangu leo ni kwamba shule za kaunti za Migori na Homa Bay zingefaidika mno iwapo wanafunzi wangefundishwa kuunda baiskeli kwa mikono yao wenyewe, wakianzia na iliyo sahili kuliko zote, kabla mafundi wanaoijua kazi hiyo hawajatoweka.

Mkazi wa Nyanza Kusini hahitaji kuelezwa baiskeli ni nini. Kwa miaka mingi ile baiskeli nzito ya chuma, nyeusi tititi, ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba, ndiyo iliyobeba samaki kutoka fuo za ziwa hadi masoko ya bara, mitungi ya maji kutoka mtoni, magunia ya mahindi kwenda kinuni, na hata wagonjwa kwenda zahanati. Wajaluo waliipa jina lao, ndiga, na wakaipokea kama mwana wa nyumbani. Biashara ya kubeba abiria kwa baiskeli, iliyoanza mpakani Busia katika miaka ya 1960 na kuitwa boda boda kwa sababu ya mpaka huo huo, ilienea hatimaye katika miji ya magharibi mwa Kenya. Kisha pikipiki zikaja. Serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa ziada ya thamani mwaka 2008, zilifurika barabarani, na jina la boda boda likahama pamoja na abiria.

Sisemi kwamba pikipiki ni balaa. Imewafikisha wengi hospitalini kwa wakati na imewapa vijana riziki. Lakini kila neema huja na kitu ilichokiondoa. Yule fundi aliyekaa chini ya mti na spana zake, bakuli la maji la kutafutia pancha na kopo la solusheni, aliyeweza kuinyoosha rimu iliyopinda kwa kukaza spoki hii na kulegeza ile, aghalabu sasa ama amehamia kwenye pikipiki, ama amezeeka, na mwanawe hakuurithi ufundi wake. Ujuzi wa namna hiyo haukuandikwa popote. Ukifa na mwenyewe, umekufa.

Baiskeli ninayoipendekeza kwa kuanzia ni ile ambayo gia yake ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Wanafunzi wa isimu wanaijua silabi funge. Basi nami naomba ruhusa ya kuiita baiskeli hii baiskeli ya gia funge. Katika baiskeli ya kawaida, gia ya nyuma ina kifaa ambacho mafundi hukiita frewili. Ndani yake mna vijino vidogo vinavyoshika mwendeshaji anapokanyaga na kuachia anapotulia, na ndivyo vinavyotoa ule mlio wa tik-tik baiskeli inapoteremka. Gia funge haina kitu hicho. Gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka. Pedali zikisimama, gurudumu husimama. Mwendeshaji hana nafasi ya kutuliza miguu mpaka baiskeli itulie.

Huenda msomaji akauliza, je, huku si kurudi nyuma? Ni kurudi mwanzo, na mwanzo ndipo mwanafunzi anapopaswa kuanzia. Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha la nyuma ilisambazwa na Mwingereza John Kemp Starley mwaka 1885, na miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaleta tairi la kutiwa upepo. Baiskeli za siku zile zilikuwa za gia funge. Hata mashindano ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, hayakuwaruhusu waendeshaji wote kutumia gia za kubadilisha njiani hadi mwaka 1937. Hadi leo mashindano ya ndani ya uwanja, pamoja na yale ya keirin yaliyoanzishwa Japani mwaka 1948, hutumia gia funge. Kwa hivyo hiki si kichekesho cha watu wasio na uwezo. Ni msingi ambao baiskeli nyingine zote zimejengwa juu yake.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Fremu ya Black Mamba kuukuu yatosha, mradi haijapasuka penye maungio. Ina sifa moja ya thamani: pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa pana mwanya mrefu unaoruhusu gurudumu kusogezwa nyuma au mbele. Mnyororo wa gia funge lazima ukazwe kwa kulivuta gurudumu, kwa sababu hakuna kifaa kingine cha kuukaza. Ukilegea sana utaruka na kuligandisha gurudumu; ukikazwa kupita kiasi utazila gia na gololi. Baada ya fremu, mwanafunzi atazifungua habu, atazisafisha gololi, atazipaka grisi na kuzirudisha kwa idadi ile ile. Atazisuka spoki, moja baada ya moja, hadi rimu izunguke bila kuyumba. Saa chache za kazi hii zitamfunza subira ambayo hotuba nyingi za paredi zimeshindwa kuifunza.

Kiini cha somo kimo katika hesi. Gia ya nyuma hujikaza yenyewe kadiri mtu anavyokanyaga kwenda mbele. Lakini katika gia funge mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuzipinga pedali, na nguvu hiyo ya kurudi nyuma huweza kuifungua gia ghafla. Ndiyo maana habu iliyotengenezwa kwa kazi hii huwa na hesi za aina mbili: za kulia kwa ajili ya gia, na za kushoto kwa ajili ya nati inayoifunga. Gia ikijaribu kufunguka, nati hujikaza. Fundi anayeichomelea frewili kwa moto ili isiachie, kisha akaiweka kwenye habu ya kawaida isiyo na nati hiyo, ameunda mtego. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake swali la nyongeza: kwa nini pedali ya kushoto ya kila baiskeli hukazwa kwa kuzungushwa kinyume? Atakayelijibu ameelewa fizikia kuliko aliyekariri kurasa kumi.

Hisabati nayo imo. Tuseme gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma ina meno 18. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 71 lina mzingo wa mita 2.23. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali humpeleka mtu takriban mita tano na nusu. Mwanafunzi anayekaa kilomita nne kutoka shuleni aweza kukokotoa kwamba ataizungusha pedali zaidi ya mara 700 kabla ya kufika. Akiona mlima ni mkali, na abadilishe gia ya nyuma iwe ya meno 22. Safari itakuwa nyepesi lakini miguu itazunguka mara nyingi zaidi. Hapo uwiano umekoma kuwa jambo la ubaoni na umekuwa jambo la mapaja.

Kujifunza kuiendesha kunataka uwanja tambarare, si barabara kuu iendayo Isebania. Hata aliyezoea baiskeli ya kawaida atalazimika kujifunza upya, kwa kuwa miguu yake ina mazoea ya kupumzika, na akijaribu kupumzika, pedali itamsukuma. Aanze polepole, ajifunze kuzipinga pedali kidogo kidogo mpaka baiskeli isimame bila kushtuka. Asiilaze sana kwenye kona, maana pedali haisimami na inaweza kugonga ardhi. Akunje suruali au aifunge kifundoni, kamba za viatu azifiche, na kamwe asiuguse mnyororo ilhali gurudumu linazunguka, kwa sababu mnyororo huo hauachii kidole.

Na breki? Wako vijana katika miji mikubwa ya ng'ambo wanaojigamba kwa kuiendesha baiskeli hii bila breki hata moja. Huo ni upumbavu usiofaa kuigwa. Sheria ya Uingereza yenyewe inataka baiskeli ya gia funge itumiwayo barabarani iwe na breki ya gurudumu la mbele. Sisi tuiache breki ya mbele na ya nyuma pia. Barabara itokayo Rongo kupitia Rodi Kopany huteremka kuelekea ziwani Homa Bay, na baiskeli ya mfano wetu ikishika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, miguu itatakiwa kuzunguka zaidi ya mara 90 kwa dakika. Ndugu msomaji, hiyo si kazi ya mwanafunzi mwenye mkoba mgongoni. Kwa safari za namna hiyo, na kwa kubeba mizigo, frewili irudishwe. Atakayeirudisha sasa atajua kwa nini ilibuniwa. Taa, kengele, vioo vya kuakisi mwanga na kofia ngumu visihesabiwe kuwa mapambo.

Wasichana wasiachwe nje ya karakana hii. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kaunti za Homa Bay na Migori asilimia 23 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 15. Sababu ni nyingi, na baiskeli peke yake si dawa. Hata hivyo, njia ndefu ya kwenda shule, na deni la nauli kwa mtu mzima mwenye pikipiki, ni miongoni mwa mambo yanayowatia wasichana hatarini. Msichana mwenye chombo chake, anayejua kuziba pancha yake mwenyewe, hana haja ya kumwomba mtu lifti. Na iwapo sare ya shule inamzuia kupanda baiskeli, basi sare ndiyo ibadilishwe.

Nikiwa mwanafunzi wa lugha, siwezi kumaliza bila kuyataja maneno. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kufundisha ufundi. Lakini chini ya mti wa fundi tunasikia usukani, mnyororo, gololi, hesi, kiraka, rimu, spoki, ekseli, nati, grisi. Mengine ni ya asili, mengine ni ya mkopo yaliyokwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili, na yote yanaeleweka. Msamiati upo. Usiokuwapo ni uhusiano kati ya karakana na kitabu. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa ufundi wakiingia darasa moja, mmoja akafungua habu na mwingine akawaagiza wanafunzi waandike maelezo ya hatua kwa hatua, watakuwa wameihifadhi lugha na ufundi kwa pamoja.

Nafasi ipo. Mtaala wa umilisi, uliofika katika sekondari ya msingi mwaka 2023, una somo la awali la ufundi, na walimu hulalamika kwamba vifaa ni haba. Baiskeli kuukuu zinazooza nyuma ya nyumba ni vifaa. Wazee wanaozijua bado wako, nao wakialikwa kwa heshima watakuja. Tusisahau kwamba ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walifungua duka la baiskeli mwaka 1892, na ndege waliyoirusha mwaka 1903 ilizungusha pangaboi zake kwa minyororo iliyofanana na ile ya baiskeli. Hawakuwa na shahada ya chuo kikuu. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kufungua kitu, kukielewa na kukifunga upya.

Hayo ndiyo mazoea tunayowanyima watoto wetu tunapowakalisha kutwa nzima wakinakili. Mwalimu mmoja, fundi mmoja na fremu moja vyatosha kuanza. Muhula ujao si mbali.