Mara ya mwisho kucheza ilikuwa UMISSETA? Rudi uwanjani

Hebu jiulize: mara ya mwisho kuingia uwanjani na wenzako ilikuwa lini? Kwa wengi wetu jibu ni UMISSETA. Baada ya shule, jezi inabaki ya kushangilia tu. Unapata ajira, unapangiwa shule Butiama au zahanati Bunda, mji mzima humjui mtu, na jioni zako zinaishia kwenye simu. Uzito unapanda, presha inapanda, marafiki wanapungua. Timu ya mtaani inaweza kuyagusa yote matatu kwa mpigo. Kivipi? Twende taratibu.

Makasia na maumivu

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwemo Emma Cohen na Robin Dunbar, waliwachukua wapiga makasia 12 na kuwapa mazoezi ya dakika 45 kwenye mashine. Kuna siku kila mtu alifanya peke yake, na kuna siku walivuta pamoja kwa mdundo mmoja. Kisha wakafungwa mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, kikajazwa hewa mpaka mtu aseme inauma.

Kazi ilikuwa ileile, lakini waliovuta pamoja walistahimili maumivu zaidi: ongezeko lilikuwa karibu mara mbili ya lile la kufanya peke yao. Watafiti wanadhani sababu ni endofini, kemikali za mwilini zinazopunguza maumivu na kuleta raha. Ila kumbuka, walikuwa watu 12 tu, na endofini zenyewe hazikupimwa moja kwa moja. Hata hivyo, kama umewahi kutazama mashindano ya mitumbwi pale Musoma, makasia yote yakizama kwa pamoja, matokeo haya hayakushangazi sana.

Mpira na presha

Huko Denmark, Peter Krustrup, Jens Bangsbo na wenzao walichukua wanaume wa miaka 20 hadi 43 wasiofanya mazoezi. Wengine walicheza mpira, wengine walikimbia, saa moja kwa siku, mara mbili au tatu kwa wiki. Baada ya wiki 12, presha ya juu (ile namba ya kwanza) ya wacheza mpira ilikuwa imeshuka kwa takriban 8, na mafuta yamepungua karibu kilo 2.7. Wakimbiaji nao walifaidika, ila misuli yao haikuongezeka kama ya wenzao.

Sababu ni kwamba mpira haukupi mwendo mmoja. Unatembea, unafyatuka, unasimama ghafla, unageuka, unaruka. Moyo, misuli na mifupa vyote vinapata kazi. Na huhitaji kuwa fundi wa mpira. Hawa walicheza timu ndogondogo tu.

Usikimbilie hitimisho

Utafiti mwingine wa Denmark, uliochapishwa 2018, ulifuatilia zaidi ya watu 8,500 kwa hadi miaka 25. Ukilinganisha na wasiofanya mazoezi, wacheza mpira walikadiriwa kuishi miaka 4.7 zaidi, na wakimbiaji 3.2. Je, mpira ndio uliowaongezea? Hatuwezi kuapa. Nenda uwanja wowote wa Nyasho jioni uwahesabu maveterani: wenye afya wapo, wagonjwa wamebaki nyumbani. Huenda afya ndiyo iliyowaweka uwanjani, sio uwanja uliowapa afya. Yawezekana pia ni yote mawili.

"Mbona jana hukuja?"

Ukiacha kukimbia peke yako, nani atajua? Kwenye timu, wakiwa pungufu wanakupigia simu. Upande mmoja mnakuwa mwalimu, bodaboda, nesi na muuza dagaa, watu ambao kazini msingekutana. Ukiumwa wanakuja, ukifiwa wanachanga. Kwa mgeni wa mji, hilo lina uzito kuliko magoli.

Uanzie wapi?

Kama ni mtumishi wa halmashauri, ulizia timu inayojiandaa na SHIMISEMITA. Wizara na ofisi ya mkuu wa mkoa wana SHIMIWI. Wengine, fuata timu ya mtaa: mpira, netiboli au wavu. Kina mama wengi hawakosi hamu, wanakosa muda, maana saa kumi na moja ndiyo saa ya kupika. Kwa hiyo kina baba, shikeni mwiko siku mbili kwa wiki, nao wapate zamu yao.

Kama umevuka miaka 40, au una presha au sukari, pima kwanza. Pasha mwili moto dakika kumi, cheza nusu kipindi wiki za mwanzo, na maji yasikosekane. Kifua kikibana, toka nje uende hospitali, hata kama mnaongoza. Mengine yote utajifunza humohumo uwanjani, na hakuna atakayekuuliza ulifunga mangapi ukiwa kidato cha nne.