Kibandiko cha Onyo ni Kipuri

Kibandiko cha usalama ni kipande cha plastiki au bamba la chuma linalowekwa kwenye mtambo mzito ili kumjulisha mtu hatari iliyo karibu naye kabla mkono wake haujaifikia: feni inayozunguka nyuma ya kifuniko, mafuta ya haidroliki yaliyo kwenye mgandamizo mkubwa, au mkono wa katapila unaoweza kushuka ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Msomaji wake hayuko ofisini. Amesimama juani, miwani ina vumbi, glovu zina grisi, na maandishi anayoyatazama yamekwisha kupigwa na mvua ya miaka na kuoshwa kwa maji ya presha mara zisizohesabika. Wanunuzi wengi hukikagua kibandiko kwa kutazama uso wake na kuridhika kwamba wino umekolea, ilhali umri wake huamuliwa zaidi na gundi iliyo mgongoni na hali ya bati siku kilipobandikwa.

Vibandiko hivi vina lugha yao. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3864, pamoja na ISO 7010 kinachoorodhesha alama zenyewe, huipa pembetatu ya njano yenye ukingo mweusi kazi ya kuonya, duara jekundu lenye mstari wa mshazari kazi ya kukataza, na duara la buluu kazi ya kuamuru, kwa mfano kuvaa kofia ngumu. Nchini Marekani, kiwango cha ANSI Z535.4 huongeza moja ya maneno matatu yanayopima uzito wa hatari: la kwanza, lenye herufi nyeupe juu ya nyekundu, ni la mahali ambapo asiyejiepusha atakufa au kuumia vibaya, la pili, juu ya rangi ya chungwa, ni la mahali anapoweza kufikwa na hayo, la tatu, juu ya njano, ni la jeraha dogo au la wastani. Kiswahili kina HATARI, ONYO na TAHADHARI, maneno yanayoweza kushika daraja hizo bila taabu, lakini mazoea ni kuyachanganya, na HATARI, ambalo kila mtu analijua kutoka kwenye nguzo za umeme, hubandikwa hata pale ambapo kosa lingeleta mchubuko tu, hadi fundi akazoea kulipita bila kulisoma.

Adui wa kwanza wa kibandiko ni jua. Mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga isiyoonekana kwa macho, huvunja molekuli za rangi, na rangi nyekundu na njano aghalabu huvunjika mapema, wakati nyeusi, inayotengenezwa kwa kaboni, hudumu. Ndiyo maana kibandiko kikuukuu kilichokaa juani huwa na herufi nyeusi zinazosomeka vizuri kabisa juu ya uso uliopauka: maneno yamebaki, daraja ya hatari imetoweka. Dawa yake ni wino uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, na juu yake utando mwangavu unaofyonza mionzi hiyo na kuchukua mikwaruzo badala ya maandishi.

Plastiki inayotumika sana ni vinili, nayo ni ya namna mbili zisizotofautishwa kwa urahisi zikiwa mpya. Ya bei nafuu hupitishwa kati ya roli za moto zinazoikandamiza na kuivuta, na hivyo hutenda kama donge la chapati lililosukumwa kabla ya kupumzika: hutaka kurudi lilikotoka. Baada ya muda, jua likiipasha moto, hunywea, kingo zikaacha mstari wa gundi unaokusanya vumbi. Namna ya pili humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa bila kuvutwa, hivyo haina msukumo wa kujirudi, na hulala vizuri kwenye mikunjo na vichwa vya ribiti. Karibu na bomba la moshi zote mbili hazifai. Hapo hutakiwa bamba la alumini au la chuma cha pua lililofungwa kwa ribiti.

Gundi nayo ina masharti. Ili ishike, haina budi kutandaa juu ya uso kama maji yanavyotandaa kwenye kioo safi. Penye nta, mafuta au plastiki za jamii ya polithini hujikusanya kama tone kwenye jani la gimbi, na sifa hiyo ya uso kuvuta au kukataa kimiminika ndiyo wataalamu huiita nishati ya uso. Kwa hiyo bati huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, kisha hupanguswa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kupangusa kwa dizeli, kama ilivyo desturi ya gereji nyingi, ni kuweka mafuta pale ambapo gundi ingeshika. Kibandiko husuguliwa kuanzia katikati kwenda kingoni ili malengelenge ya hewa yatoke, na pembe zake hukatwa mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayonyanyuliwa kwanza na maji ya presha. Gundi za akriliki huhitaji takriban saa 72 kufikia nguvu zake zote, ingawa mitambo mingi huoshwa kesho yake.

Upimaji wa uimara una sura ya kawaida zaidi kuliko mtu anavyodhani. Kwa vifaa vya umeme, viwango vya tume ya kimataifa ya IEC vina jaribio la kusugua maandishi kwa mkono, sekunde 15 kwa kitambaa chenye maji na sekunde 15 kwa kitambaa chenye spiriti ya petroli, na baada ya hapo maandishi yasomeke na kibandiko kisijikunje. Kwa mitambo ya bandarini, kama Mombasa au Tanga, jaribio la mnyunyizo wa chumvi la ISO 9227 ndilo lenye maana zaidi.

Afrika Mashariki huingiza mitambo mingi iliyokwisha kutumika, mingine ikiwa na maonyo ya Kijapani au Kichina, na onyo lisilosomeka kwa mwendeshaji halimlindi, hata kama gundi yake ni imara. Pa kuanzia ni kitabu cha maelekezo cha mtambo, ambacho huwa na ukurasa unaoonyesha mahali pa kila kibandiko, na katalogi ya vipuri hukipa namba kama inavyoupa mkanda wa feni. Mlango mpya unapowekwa, kibandiko chake huagizwa pamoja nao, kwa sababu cha zamani kimeondoka na bati bovu. Mwenye mtambo na auzunguke akiwa na ukurasa huo mkononi, aagize vilivyopungua.